Baridi ya Miezi ya Kusi, na Jinsi ya Kuutunza Mwili na Akili

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Aprili, upepo wa kaskazi huishiwa nguvu, siku za maleleji hupita, na kusi huanza kuvuma. Pamoja na upepo huo huja mvua ya masika, ambayo hapa Mombasa huzidi sana mwezi wa Mei; na mvua ikishapungua huingia kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, ndiyo miezi ya baridi yetu. Mtu wa Limuru au wa Nyeri akisikia kwamba sisi wa Makupa twalalamika kwa baridi atacheka, na ana haki ya kucheka, maana alfajiri ya Julai kipimo cha joto hapa hushuka mpaka nyuzi 20 hivi za Sentigredi, na mchana hupanda tena mpaka 27 au 28. Lakini mwili hauhukumu kwa hesabu za kipimo. Huhukumu kwa mazoea yake. Mtu aliyetokwa na jasho tangu Januari mpaka Machi, akipigwa na upepo wa bahari usiku wa manane, huona baridi ya kweli, naye hulitafuta blanketi lililolala sandukuni tangu mwaka uliopita.

Somo letu la leo ni jinsi ya kuutunza mwili na akili katika miezi hiyo. Limeandikwa kwa kuzifikiria hasa nyumba za Makupa na Majengo, ambamo jamaa nyingi hupanga chumba kimoja kimoja, ukumbi ukiwa wa wote. Lakini litamfaa mtu wa Likoni, wa Lamu au wa Tanga vile vile, kwa kuwa upepo ni mmoja.

Kazi yangu ni kufasiri, na mfasiri hujifunza kuyaogopa maneno yanayofanya kazi kupita kiasi. Neno baridi ni mojawapo. Twasema maji ya baridi, na hapo hapana matata. Lakini mtoto anayetetemeka kwa homa, twasema ana baridi. Mzee mwenye maumivu ya magoti ana baridi yabisi. Anayekohoa ameingiwa na baridi kifuani. Na mwanamke aliyejifunika kitandani siku nyingi asitake kusema na mtu, jirani hueleza kwamba ni baridi tu iliyomlegeza, itamtoka jua likiwaka. Hayo ni mambo manne yasiyo na udugu. Mama akienda dukani penye dawa akasema, "Bwana, nipe dawa ya baridi, mwanangu hakulala," muuzaji hawezi kujua ni baridi ipi, na asipokuwa mwangalifu atampa vidonge vya kutuliza joto la mwili, na siku mbili zitapita. Hatari imo katika siku hizo mbili.

Na tuanze na homa. Kutetemeka kwa mwenye malaria hakutokani na hali ya hewa hata kidogo. Vijidudu vya malaria hupasua chembe za damu, mwili ukapandisha joto lake ili kupigana navyo, na hapo ngozi huiona hewa ya kawaida kuwa baridi. Ndiyo sababu mgonjwa hutetemeka hata saa sita za mchana, jua likiwa utosini. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza katika Bara Hindi, aliviona vijidudu hivyo ndani ya mwili wa mbu mwaka 1897, na tangu siku hiyo hapana tena nafasi ya kuusingizia upepo. Hata hivyo wazee wetu hawakuwa wajinga waliposema kwamba baridi huleta homa. Mvua ya masika hujaza vidimbwi, mbu huzaana, na homa huongezeka majuma kadhaa baada ya mvua, yaani katika miezi ile ile ya kipupwe. Waliona sawasawa, ila walimkamata asiye mwizi.

Kisiwani Mombasa malaria imepungua kuliko zamani, nayo ni nyingi zaidi mashambani, Kwale na Kilifi. Lakini ni nani katika Makupa asiyekwenda shamba kwa mazishi au kwa arusi? Basi yafaa kila mwenye homa, mkubwa kwa mdogo, apimwe damu kabla ya saa 24 kupita. Kipimo chenyewe chataka tone moja la damu na muda wa robo saa hivi. Malaria ikionekana, dawa ya kwanza inayotumika katika Kenya tangu mwaka 2006 ni vidonge vya mchanganyiko vyenye dawa iliyotokana na mmea wa artemisia. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3, vinne kwa kila mara. Wengi hupata nafuu siku ya pili, wakaviweka vidonge vilivyosalia wamhifadhie ndugu atakayeugua baadaye. Huo ni ukarimu usiofaa: vijidudu vilivyosalia mwilini huinuka tena, na huyo ndugu atapewa nusu ya dawa isiyomponya.

Na ikiwa damu haikuonyesha malaria, ilhali mgonjwa ana homa kali, kichwa chamwuma nyuma ya macho, na viungo ni kana kwamba vimepondwa kinuni? Hapa Mombasa imetupasa kufikiri magonjwa mawili mengine, na majina yake yote mawili ni ya kwetu. La kwanza ni kidingapopo. Homa ya jina hilo ilipita Unguja mwaka 1823 na tena mwaka 1870, na wachunguzi wengi wa lugha hudhani kwamba jina linalotumika leo duniani pote, dengue, limetokana na neno hilo la Kiswahili baada ya kusafiri mbali na kupotoshwa katika vinywa vya wageni. La pili ni chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyokwenda ameinama. Ugonjwa huo ulipata jina lake ulipozuka katika nchi ya Wamakonde, kusini ya Tanganyika, mwaka 1952 na 1953.

Magonjwa haya si hadithi za kale. Chikungunya iliwapata watu wengi wa Lamu na Mombasa mwaka 2004, ikarudi Mombasa mwisho wa mwaka 2017 na kuendelea mwaka 2018. Kidingapopo ilizuka Mombasa mwaka 2013. Na mwezi wa Mei mwaka huo wachunguzi walipopita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Tudor, ambao ni jirani yetu, waliona kwamba katika kila watu 100 waliotolewa damu, kama 13 walikuwa na ugonjwa huo au walikuwa wametoka kuugua siku si nyingi. Tazama: ulikuwa mwezi wa Mei, katikati ya masika, wakati ambapo kila mtu alikuwa tayari kusema kwamba ni baridi.

Mbu aletaye magonjwa haya mawili si yule wa malaria. Ni mweusi, miguu yake ina madoa meupe, naye huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea jioni. Kwa hiyo chandalua cha usiku, ambacho ni ngao nzuri kwa malaria, hakimzuii vya kutosha. Zaidi ya hayo, hapendi maji machafu ya mtaroni. Wako watu wanaodhani kwamba mbu wote wa Makupa hutoka katika mikoko ya ghuba. Ghuba hiyo ni ya maji ya chumvi, na tangu daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022 mahali palipokuwa na tuta, maji hupwa na kujaa yakipita chini yake. Mbu wa kidingapopo hana haja na maji hayo. Anayataka maji yako matamu, uliyoyateka kwa tabu na kuyaweka nyumbani.

Jambo hili lataka kufikiriwa, maana ndilo kiini cha taabu yetu. Mji wa Mombasa hupata maji yake kutoka mbali, kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, kutoka Baricho, Marere na Tiwi, na mifereji mara nyingi hukauka siku kadhaa. Basi kila nyumba ina pipa, madumu, ndoo na tangi juu ya dari, na hapana wa kuwalaumu watu kwa kuweka akiba. Masika huongeza vyombo vingine visivyokusudiwa: matairi nyuma ya gereji, vifuu vya nazi, makopo, sahani chini ya chungu cha maua. Yai la mbu huyu huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 mpaka 10 hivi. Kwa hiyo nyumba ikichagua siku moja katika juma, iwe Alhamisi jioni au Jumamosi asubuhi, kila chombo kikamwagwa au kufunikwa kwa kitambaa kilichofungwa kamba, mbu hapati nafasi ya kutimiza siku zake. Lakini kumwaga hakutoshi. Mayai hugandama ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, nayo huweza kukaa makavu miezi mingi, kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Ni lazima pipa lisuguliwe ndani kwa brashi au kumbi la nazi. Katika nyumba ya wapangaji wengi kazi hii haina mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu haifanywi. Wapangaji na waandikiane zamu, kama wanavyofanya kwa kufagia ukumbi.

Mgonjwa wa kidingapopo hana dawa ya kuua ugonjwa wenyewe. Hupewa vinywaji kwa wingi na parasetamoli ya kutuliza homa. Asipewe aspirini wala dawa za maumivu za namna hiyo, ikiwamo ibuprofeni, maana damu yake tayari ni nyepesi kutoka. Na watu wa nyumbani wasifurahi upesi joto linaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, kwa kuwa wakati huo huo ndipo baadhi ya wagonjwa hubadilika: tumbo likiuma sana, akatapika asikome, ufizi au pua ikatoka damu, au akalegea kupita kiasi, na apelekwe hospitali mara hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku na mvua inanyesha.

Sasa tuje kwenye kifua. Mafua na vikohozi huletwa na vijidudu vidogo mno vinavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mvua haimwambukizi mtu. Ila mvua humfungia watu saba katika chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa gunia, na mmoja wao akikohoa wote huvuta pumzi yake. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya bure: dirisha liachwe wazi kidogo upande usiopigwa na mvua, liwekwe wavu ikiwezekana, na mkohozi azibe mdomo kwa nguo au kwa kiwiko.

Mafua ya mtu mzima hujiponea yenyewe. Nimonia ya mtoto haijiponei, nayo ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wadogo zaidi katika Afrika yote. Kila mama na kila nyanya aweza kujifunza kuitambua kwa saa tu, bila ya kifaa kingine. Mtoto akiwa ametulia, hali wala hanyonyi, funua kifua chake uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka mmoja, zikifika 50 au zaidi, hiyo ni hatari. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, hatari ni 40 na zaidi. Na mchanga aliye chini ya miezi 2, ni 60. Tena tazama mahali mbavu zinapokwisha: ikiwa nyama inabonyea ndani kila avutapo pumzi, usingoje kuhesabu. Kumkanda mafuta ya nazi na kumfunika hakuna ubaya, na hata kunamtuliza, lakini nimonia yataka dawa ya hospitali. Tangu mwaka 2011 watoto katika Kenya hupewa chanjo ya vijidudu vikubwa vinavyoleta nimonia, na uchunguzi uliofanywa kwa jirani zetu wa Kilifi umeonyesha wazi kwamba ugonjwa huo umepungua sana tangu hapo. Mzazi ambaye kadi ya mtoto wake haijatimia na aitimize kabla ya masika.

Katika habari ya kujipasha moto kuna jambo moja ambalo sitaki mtu alisome kwa haraka. Ni desturi ya wengine, usiku ukiwa na upepo, kuliingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Husema, "Makaa yamekwisha kuiva, hayana moshi." Kweli hayana moshi, lakini makaa mekundu hutoa hewa ya sumu isiyoonekana, isiyonuka, isiyomkohoza mtu, nayo hukamata nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akaona kizunguzungu, akalemewa na usingizi. Na kwa kuwa amekwisha kulala, hapana wa kumwamsha. Jamaa nzima huweza kukutwa asubuhi haina uhai. Makaa yanayowaka hayana mahali ndani ya chumba cha kulala, hata kwa nusu saa, hata kwa mzazi aliye katika arubaini na mtoto wake mchanga, ambao ndio hasa watu hupenda kuwapasha moto. Wapewe nguo za ziada, soksi, na maji ya moto yaliyotiwa ndani ya chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Juu ya maji machafu nitasema machache, maana mengi yamekwisha kusemwa miaka mingi. Mvua kubwa huchanganya maji ya vyoo na ya visima. Yachemshwe au yatiwe dawa. Mwenye kuharisha apewe maji yenye chumvi na sukari kabla hajaanza kulegea: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Kuharisha kunakofanana na maji ya mchele ni shauri la hospitali, wala si la jirani.

Wazee wenye baridi yabisi hufanya kosa la kukaa kitako miezi mitatu wakingoja kiangazi. Viungo visivyotumika hukaza. Mzee na atembee ndani ya ukumbi ikiwa nje kuna matope, na mvua ikikatika atoke. Lakini mtoto wa shule akivimba goti, likapona, likavimba la pili, wala hajaanguka, hiyo si baridi yabisi ya babu. Huenda ni homa inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, ambayo huacha goti na kwenda kuharibu moyo kwa maisha yote. Madaktari huizuia kwa dawa wakimpata mtoto mapema.

Nimesema juu ya mwili kwa urefu, nayo akili bado. Watu wetu hawana desturi ya kuisemea sana, isipokuwa mtu akiokota makopo barabarani. Lakini uliza jamaa za wavuvi. Tangu Mei mpaka Agosti kusi huchafua bahari, na mwenye mtumbwi au ngalawa hathubutu kupita mwamba. Samaki huadimika, bei hupanda, na yule aliyekuwa akirudi nyumbani na kitoweo na fedha hurudi na mikono mitupu, au harudi mpaka usiku, maana anaona haya. Vibarua wa ujenzi husimama kwa mvua. Wachuuzi wa njiani hunyeshewa na bidhaa zao. Kodi ya chumba haijui masika wala kiangazi.

Hapo baadhi ya waume huanza kununa na kupiga kelele kwa jambo dogo. Wengine hushinda barazani na miraa au muguka, vitu vinavyofukuza usingizi na njaa kwa muda, kisha huacha moyo ukiwa mzito kuliko ulivyokuwa. Na wake zao hubeba hesabu yote ya nyumba kichwani wasipate wa kumwambia. Wazee walikuwa na kazi maalumu za miezi hii. Vyombo vilipandishwa pwani, vikatiwa kalafati na kupakwa sifa. Matanga yalishonwa, nyavu na madema yakatengenezwa, wanawake wakasuka mikeka. Hatusemi kwamba walikuwa na furaha zaidi yetu, maana njaa ya kusi waliijua. Ila siku yao ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mikono yao ilikuwa na kitu cha kushika mbele ya watu wengine. Mtu asiye na kazi leo aweza kujifanyia mpango wa namna hiyo: kuamka saa ile ile, kutoka nje kila siku kwa mwendo wa nusu saa, kuwa na kazi moja ya mikono isiyosubiri mshahara. Na fedha za kaskazi, wakati samaki ni tele, zigawanywe. Sehemu iwekwe katika chama au upatu utakaolipa mwezi wa Juni badala ya Desemba.

Huzuni ya siku tatu au nne kwa sababu inayojulikana si ugonjwa. Lakini ikizidi majuma mawili, kutwa kucha, mtu asipate ladha ya chakula wala ya mazungumzo, usingizi ukamkimbia au ukamlemea, kazi aliyokuwa akiipenda akaiacha, akajiona hana thamani, hiyo ni sonona, nayo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Wanawake waliojifungua karibuni hupatwa nayo mara nyingi, na watu husema ni shetani au ni uvivu. Mwenye kutaka kumwombea mgonjwa dua na amwombee; dua haikumkataza mtu tabibu. Mgonjwa aanzie zahanati au hospitali iliyo karibu. Na hospitali ya Port Reitz, ng'ambo ya Makupa upande wa Changamwe, ina wodi ya wagonjwa wa akili. Iko dawa, na yako mazungumzo ya mpango na mtu aliyefundishwa, na wengi hupona.

Akisema kwamba amechoka kuishi, mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Watu huogopa kuuliza, wakidhani kwamba swali litampa wazo hilo. Si kweli, bali humpunguzia mzigo. Asiachwe peke yake, viondolewe karibu naye vitu vya hatari kama vile dawa nyingi na sumu ya panya, na apelekwe hospitali na mtu anayemwamini. Zamani jamaa walificha mambo haya kwa hofu ya polisi, maana sheria ya Kenya ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba. Basi hofu hiyo isimzuie mtu kumpeleka ndugu yake kwa daktari.

Lipo swali moja ambalo huulizwa na wenye watoto Ulaya na Kanada: je, huzuni ya baridi ya huko ni hii yetu? Siyo. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, kiasi cha nyuzi 4 tu kusini yake, na kati ya siku yetu ndefu na siku yetu fupi hapana tofauti hata ya nusu saa. Kipupwe hakitupunguzii mwanga; hutupunguzia fedha na watu. Lakini London, katika mwezi wa Desemba, jua hukaa juu muda usiotimia saa 8, tena nyuma ya mawingu. Kijana wa Makupa anayefanya kazi huko huenda kazini gizani na kurudi gizani. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake katika Marekani waliandika habari za watu wanaoingiwa na sonona kila msimu wa baridi na kutokwa nayo majira ya joto yafikapo, wakaonyesha kwamba kukaa mbele ya taa yenye mwanga mkali asubuhi huwasaidia. Tena ngozi nyeusi, ambayo ni kinga njema katika jua la Mombasa, huchelewa kutengeneza vitamini D katika jua dhaifu la kule, na vitamini hiyo ndiyo itiayo nguvu mifupani. Kwa hiyo wakuu wa afya wa Uingereza hushauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku katika miezi ya baridi, na watu wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

Kwa hiyo mzazi apigapo simu mwezi wa Desemba au Januari, asitosheke kuuliza kama kuna baridi, maana atajibiwa kwamba ipo, na mazungumzo yatakwisha. Na aulize mtoto alilala saa ngapi, alikula na nani, na kama juma hili alipata kutoka nje mchana, hata kama mbingu ilikuwa na mawingu.